Mboga ya Mvua ya Kwanza: Historia ya Majani Yaliyoitwa Magugu

Ukitaka kujua kama masika yameanza kweli, usiangalie mawingu peke yake. Subiri kama wiki tatu baada ya mvua ya kwanza, kisha zunguka nyuma ya nyumba, pale majivu yanapomwagwa na kuku wanapochakura. Mahindi bado hayajafika magotini. Maharage hayajatoa hata ua. Lakini mchicha upo, mnavu upo, na kama uko kijijini huenda na mgagani upo. Mara nyingi hakuna aliyezipanda.

Kwenye nchi za baridi watu husubiri kwa hamu majani ya kwanza yanayochipuka theluji ikiisha. Huku kwetu msimu huo haufunguliwi na jua, unafunguliwa na mvua. Ila hesabu ya jikoni ni ileile. Chakula cha ghalani kinaelekea kuisha, mavuno mapya bado yako mbali, na katikati kuna wiki kadhaa ngumu. Dodoma na Singida, ambako mvua huja msimu mmoja tu, kipindi hicho huangukia takriban Januari hadi Machi. Anayeziba pengo hilo, angalau upande wa kitoweo, ni jani.

Leo tunataka kukusimulia historia ya jani hilo. Ndani yake kuna swali linalotuhusu sana sisi tunaosomea sayansi: inakuwaje chakula kinacholiwa kila siku, mbele ya macho ya kila mtu, kisionekane na watafiti kwa miongo mingi?

Kwanza, kwa nini zinawahi?

Jibu rahisi ni kwamba tunakula jani, kwa hiyo hatuhitaji kusubiri mmea uchanue na kuzaa. Lakini kuna zaidi ya hapo.

Anza na mbegu. Gramu moja tu ya mchicha ina mbegu zaidi ya 1,000. Zinamwagika, zinafukiwa na jembe, nyingine zinalala ardhini kwa miaka. Mvua ikinyesha na udongo ukitifuliwa, zilizo karibu na uso wa ardhi zinaamka. Mbegu za mgagani nazo zina tabia ya kulala: ukizivuna leo na kuzipanda kesho, nyingi zitagoma. Zikikaa miezi kadhaa, zinaota vizuri. Kwa mmea wa nchi yenye kiangazi kirefu, hiyo ni akili nzuri. Mbegu isiyo na haraka haidanganywi na mvua ya siku moja.

Halafu kuna mahali zinapoota. Mchicha, mnavu na mgagani hupenda sana nitrojeni, na nitrojeni iko kwa wingi kwenye samadi na takataka za jikoni. Ndiyo maana utazikuta kwenye maboma ya zamani ya ng'ombe na kando ya shimo la taka. Zimeishi karibu na binadamu kwa sababu binadamu huwarutubishia ardhi bila kujua.

La tatu ni namna zinavyotengeneza chakula chao. Mimea mingi hutumia kimeng'enya kiitwacho Rubisco kunasa hewa ya ukaa. Shida ni kwamba joto likizidi, Rubisco huanza kunasa oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na mmea unapoteza nguvu bure. Mchicha na mgagani, kama ilivyo kwa mahindi na mtama, zina njia ya kukwepa hasara hiyo. Hewa ya ukaa inanaswa kwanza katika kiungo chenye atomi nne za kaboni, kisha inasukumwa ndani zaidi hadi kwenye seli ambako Rubisco hufanya kazi ikiwa imezungukwa nayo. Njia hii inaitwa C4, na inafaa sana penye jua kali.

Na hapa kuna jambo la kufurahisha. Mgagani ni ndugu wa karibu wa *Arabidopsis*, kimea kidogo kinachotumiwa na maabara za jenetiki duniani kote. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na kwingineko wamekuwa wakiuchunguza mgagani ili waelewe C4 ilivyojengeka, na ndoto yao ni kuja kuipandikiza kwenye mpunga. Ule mmea unaong'olewa shambani kwa jina la gugu, wengine wanaulea ndani ya vyumba vya vioo.

Bustani isiyo na jina

Sasa turudi nyuma kidogo. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, shamba lilikuwa na wenyewe na sheria zake, lakini mboga za karibu na nyumba zilikuwa mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliojua ipi ichumwe changa, ipi ichemshwe mara mbili, ipi iachwe ikomae ili mbegu zipatikane. Kila jamii ilikuwa na majina yake. Mgagani ni chinsaga kwa Wakisii, dek kwa Wajaluo na tsisaka kwa Waluhya. Mnavu ni managu kwa Wakikuyu na osuga kwa Wajaluo. Mchicha ni terere kwa Wakikuyu na ododo kwa Wajaluo. Mmea ukipewa jina kila mahali, ujue unaliwa kila mahali.

Zote si za kale sawasawa, hilo tuliseme mapema. Kunde, ambayo majani yake tunayapenda, ilianza kulimwa humuhumu Afrika. Muhogo, mama wa kisamvu, ulitoka Amerika Kusini na kuja na Wareno. Baadhi ya aina za mchicha tunazopanda leo pia asili yake ni bara la Amerika. Kwa hiyo tunaposema "mboga za kienyeji" hatusemi kwamba hazikuwahi kusafiri. Tunasema zimekaa nasi muda wa kutosha hata tukajua kuzipika na kutunza mbegu zake wenyewe.

Mwaka 1931: jani liko kwenye ripoti, lakini halionekani

Mwishoni mwa miaka ya 1920, wataalamu wawili walifanya utafiti mkubwa nchini Kenya. Mmoja alikuwa John Boyd Orr, mkuu wa Taasisi ya Rowett huko Aberdeen, Uskoti. Mwingine alikuwa John Gilks, aliyeongoza idara ya tiba ya koloni la Kenya. Walilinganisha afya ya jamii mbili jirani: Wamasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliotegemea nafaka, viazi na jamii ya maharage. Ripoti ilichapishwa London mwaka 1931.

Matokeo yake yalinukuliwa sana. Mwanamume Mmasai, kwa wastani, alikuwa mrefu kuliko Mkikuyu kwa inchi 5, mzito kwa ratili 23, na nguvu zake za misuli zilipopimwa kwa kifaa zilizidi kwa asilimia 50. Hitimisho lilionekana wazi: mlo wa mimea una kasoro, hasa madini ya kalisi, na dawa yake ni maziwa na vyakula vya mifugo.

Hebu jiulize Orr alikuwa nani. Alikuwa mtaalamu wa lishe ya mifugo, aliyekuwa akichunguza madini kwenye malisho. Wakati huohuo alikuwa akionyesha kwamba watoto wa shule Uskoti wakipewa maziwa hukua vizuri zaidi. Hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, mwaka 1945, na mwaka 1949 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini alikuja Kenya akiwa na swali tayari mkononi, na swali hilo lilikuwa linatafuta maziwa.

Sasa tazama kilichokuwa ndani ya ripoti hiyohiyo. Wanawake wa Kikuyu walikula majani ya kijani, wanaume wa Kikuyu hawakuyala kwa kiasi hicho. Na walipolinganishwa wanawake wa Kikuyu na wanawake wa Kimasai, tofauti ya afya ilikuwa ndogo kuliko ile ya wanaume. Yaani ndani ya jamii moja, udongo mmoja, jiko moja, kulikuwa na milo miwili. Aliyekuwa na mboga kwenye sahani alionekana kuwa na hali nzuri zaidi ya asiyekuwa nayo.

Hilo lingeweza kuwa ndicho kichwa cha habari. Halikuwa. Mwaka 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliurudia utafiti huo kwa makini na kuonyesha jinsi hitimisho lake lilivyozidi uwezo wa takwimu zake, na jinsi habari za wanawake na milo yao zilivyowekwa pembeni. Kuna jingine pia. Wakikuyu waliopimwa walikuwa watu waliokuwa wameshapoteza sehemu ya ardhi yao kwa walowezi, pamoja na malisho. Kumshauri mtu aongeze maziwa baada ya kumnyang'anya pa kulishia ng'ombe ni ushauri wa namna yake.

Hatukuambii haya ili tumzomee Orr. Tunakuambia kwa sababu hivi ndivyo kutoona kunavyotokea katika sayansi. Si lazima mtu afiche takwimu. Inatosha wastani wa wanaume uwekwe ukurasa wa mbele, na jani lililochumwa na mwanamke nyuma ya nyumba lihesabiwe kuwa kitu kidogo. Halikuwa zao la biashara, halikutozwa ushuru, halikuwa na ekari. Ofisi ya kilimo ingeliandika kwenye safu gani?

Sukuma wiki haina kosa

Karne ya 20 ilipoendelea, mboga za Ulaya zilipata heshima. Kabichi, spinachi na sukuma wiki zilikuwa na mbegu za pakiti, maelekezo ya bwana shamba na soko mjini. Mnavu na mgagani havikuwa na lolote kati ya hayo. Shuleni watoto walifundishwa kung'oa magugu, na kwenye orodha ya magugu yalikuwemo majani ambayo jioni wangeyakuta kwenye sufuria nyumbani. Polepole mboga ya kienyeji ikawa chakula cha kijijini, cha wazee, cha siku ambayo mfuko umetoboka.

Usielewe vibaya, sukuma wiki ni mboga nzuri kwelikweli. Ukiimwagilia, inachumwa jani moja moja kwa miezi, na jina lake linasema wazi kazi yake mjini: inasukuma wiki mpaka mshahara ufike. Hata ukoo wake una tawi Afrika. Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea Nagaharu U, akifanya kazi Japani, alionyesha jinsi mimea ya jamii ya kabichi ilivyochanganyika. Haradali nyeusi ina kromosomu 16. Spishi ya kabichi na sukuma wiki ina 18. Zikiungana zinazaa mmea wenye kromosomu 34, nao ndio haradali ya Ethiopia, ambayo Kenya huitwa kanzira. Kwa hiyo sukuma ilipofika nyanda za juu za Kenya, ilimkuta binamu yake yuko hapa siku nyingi.

Tatizo lilikuwa ule mpangilio wa heshima. Kabichi nyeupe ina beta-karotini kidogo mno ukiilinganisha na jani la kijani kibichi kama mchicha. Bado kabichi ndiyo iliyoonekana mboga ya mtu aliyestaarabika.

Majumbani, hata hivyo, watu hawakuacha kabisa. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha utafiti kuhusu majani ya kuchuma katika mlo wa watu wa Lushoto, Milima ya Usambara. Lushoto ni mahali panapojulikana kwa kulima mboga za kizungu kwa ajili ya soko. Hata hivyo, majani ya porini na ya kando ya shamba yalibaki kitoweo cha kawaida cha nyumbani. Watu waliuza kabichi, wakala mchunga.

Kurudi

Mambo yalianza kubadilika waziwazi miaka ya 1990. Mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, ambacho leo kinaitwa World Vegetable Center, kilifungua ofisi yake ya Afrika mkoani Arusha, na huko kumekusanywa na kuhifadhiwa mbegu za mboga za asili za Kiafrika. Nairobi, Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa walikusanya maarifa ya mimea inayoliwa Kenya, na mwaka 1999 wakachapisha kitabu kikubwa kuhusu mimea ya chakula cha asili.

Kisha kuna Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Ameeleza mwenyewe hadharani kwamba utotoni mwili wake ulikataa vyakula kama maziwa na mayai, hivyo alikua kwa mboga za majani. Alipokuwa mtaalamu wa kilimo cha mbogamboga, aligundua kwamba mimea iliyomkuza ilikuwa ikifundishwa kama magugu. Akaanza kuichunguza: mbegu zake zinaotaje, zina virutubishi gani, mkulima mdogo atapataje mbegu safi. Mwaka 2010 alitunukiwa tuzo ya sayansi ya Umoja wa Afrika.

Leo managu na saga zinauzwa kwenye supermaketi za Nairobi, wakati mwingine kwa bei ya juu kuliko sukuma. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka juhudi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Ukiangalia vizuri, swali lililorukwa mwaka 1931 lilirudishwa mezani na watu waliokuwa wamekula mboga zenyewe.

Twende jikoni, maana sayansi yake iko huko pia

Kama una kipande cha ardhi, hata ndoo tatu zilizotobolewa chini, mvua ya kwanza ndiyo wakati wake. Changanya mbegu za mchicha na mchanga mkavu ili zisianguke rundo, nyunyiza juu ya udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, funika kidogo sana. Baada ya wiki 3 au 4 unaweza kuanza kula, kwa kung'oa zilizosongamana. Kwenye mgagani, chuma ncha na uondoe maua mapema. Mmea ukizuiwa kuzaa, huendelea kutoa majani. Acha miche miwili mitatu iliyo bora ikomae kwa ajili ya mbegu za mwakani. Kwa mnavu, panda aina inayojulikana kuliwa eneo lenu. Ukoo huo una aina nyingi, na matunda mabichi yana sumu, kwa hiyo usichume mahali usipopajua.

Upishi wa wazee una mantiki yake. Uchungu wa mgagani unatokana na tanini na glukosinoleti. Kuuchemsha na kumwaga maji kunapunguza uchungu huo, lakini vitamini C nayo inatoka na maji. Wakalenjin na Waluhya huuacha ukae kwenye maziwa, na protini za maziwa hushika tanini, ndiyo maana ladha inalainika. Pwani mchicha unaungwa kwa nazi, bara unaungwa kwa karanga. Yote mawili ni mafuta, na beta-karotini inahitaji mafuta ili mwili uifyonze na kuigeuza vitamini A.

Si kila desturi ina faida tupu. Magadi hulainisha majani na kuyaacha yana rangi nzuri ya kijani, lakini huharibu vitamini C. Mchicha una kalisi nyingi, ila una oksaleti pia, ambayo huifunga sehemu ya kalisi hiyo isifyonzwe. Kwa hiyo hata kama Orr angeyapima majani yote, hesabu isingekuwa nyepesi. Kamulia ndimu kidogo ukishaipua, itasaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Na chai? Ipe nafasi, isije pamoja na chakula, kwa sababu tanini zake hufanya kinyume cha ndimu.

Kilichobaki

Mbegu zinaweza kuwekwa kwenye friji Arusha na zikakaa miaka mingi. Maarifa ya kupika hayana friji. Ni nani kwenu anayejua mnavu wa eneo lenu unachemshwa dakika ngapi, na mgagani upi haufai kuliwa ukishatoa maua? Mara nyingi ni bibi au shangazi mmoja, na hajawahi kuulizwa na mtu mwenye daftari.

Kwa hiyo tunakupa kazi, hasa wewe unayesoma kilimo, lishe, kemia au historia. Mvua zijazo zikianza, nenda kwa huyo mtu. Mwamkie, mwombe mbegu kiganja kimoja, na umuulize maswali matatu: inaitwaje, inapikwaje, na zamani ililiwa na nani. Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe, weka tarehe na jina la kijiji. Lile swali la tatu usiliache. Ndilo ambalo ripoti ya 1931 ilikuwa na jibu lake ndani, na haikulifanyia kazi.